Uadimu si Uhaba

Katika faharasa mpya ya istilahi za uchumi nimekuta sarafu za kale za dhahabu zikielezwa kuwa na "thamani ya uhaba". Wanakamati waliozaa kilema hicho wamefungisha ndoa maneno yasiyojuana.

Uhaba ni wa maji, wa sukari, wa mafuta ya taa: watu wanakitaka kitu, nacho hakitoshi. Neno lenyewe limetokana na haba, yaani habba ya Kiarabu, punje, ambayo wapimaji wa zamani waliitumia kupimia hiyo hiyo dhahabu. Kilicho haba ni kidogo, lakini kipo. Adimu ina ukoo mwingine: shina lake ni 'adam, kutokuwepo (si yule babu yetu wa bustanini). Kitu adimu kimekaribia kutoweka, awepo wa kukitaka au asiwepo. Uadimu basi huhesabiwa. Thamani huamuliwa na wanunuzi, na si ajabu, kwani thaman kwa Mwarabu ni bei.

Dola 20 za dhahabu za Marekani za mwaka 1933 zilipigwa 445,500. Karibu zote zikayeyushwa kabla hazijaingia sokoni, na hakuna aliyelia uhaba. Moja iliyonusurika iliuzwa mnadani mwaka 2021 kwa dola milioni 18.9. Dada yake wa 1924, uzito ule ule, huuzwa kwa bei isiyopishana sana na ya dhahabu iliyomo.

Au tazama rupia 15 za Tabora, zilizopigwa na Wajerumani mwaka 1916 kwa dhahabu ya Sekenke, vita vikiwakaribia. Tembo upande mmoja, tai upande wa pili. Kiasi cha 16,000 tu. Ina gramu 5.4 za dhahabu safi, paundi ya dhahabu ya Mwingereza ina 7.3, lakini kwa wakusanyaji paundi ya kawaida haimfikii tembo huyo hata kiunoni.

Yupo pia mtaalamu, hodari wa kunisahihisha hadharani, anayenadi "unadra". Nadra ni ya matukio: ni nadra, kwa mfano, yeye kufika kikaoni kwa wakati.

Matumizi: uadimu wa sarafu, daraja la uadimu, thamani ya dhahabu, bei ya mnada. Pendekezo hili nililipeleka kwa maandishi. Nilijibiwa kuwa limepokelewa.