KUCHONGA NA KUKEREZA: MANENO MAWILI NA MWANAFUNZI WA BUHA

Katika makala haya tunakusudia kutenganisha maneno mawili ambayo huchanganywa mara kwa mara, yaani kuchonga na kukereza, na kuonyesha jinsi mchanganyiko huo unavyomdhuru mwanafunzi wa useremala wa Kasulu au Kibondo asimamapo mara ya kwanza mbele ya mashine.

Kukereza si neno la jana. Frederick Johnson aliliingiza katika kamusi yake ya mwaka 1939, na kabla ya hapo mafundi wa visiwa vya Lamu walikuwa wakikereza matendegu ya vitanda na kuyapaka lakiri. Keezo la kale liliendeshwa kwa uta, kama kekee. Mti ulizunguka mbele kisha ukarudi nyuma, na patasi ilikata katika mzunguko mmoja tu.

Barani, katika nyanda za juu za Buha, kazi ya mti ilikuwa ya shoka, tezo na kisu. Katika Kirundi, ambacho ni ndugu wa karibu wa Kiha, kitenzi kubaza hutaja kazi hiyo ya kuchonga. Hapo mti hutulia na chombo ndicho kiendacho.

Katika kukereza mambo hupinduka: mti ndio uendao, na chombo hutulia juu ya kiegemeo. Gogo la mninga lenye kipenyo cha sentimeta 10, likizunguka mara 1,000 kwa dakika, uso wake hupita mbele ya patasi zaidi ya mita 300 katika dakika hiyo. Mwanafunzi aliyeambiwa “chonga” huisukuma patasi kwa nguvu kama asukumavyo tezo. Tena huigusisha kwenye mti kabla ya kuilaza juu ya kiegemeo. Papo hapo makali hunasa, mpini humpiga mkononi, na gogo huweza kuruka kutoka katika ncha zake. Onyo lisiloeleweka upesi hapo halina faida.

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, na mwaka 1974 likaanza kutoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu. Mwaka uliofuata Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianza, na Kasulu na Kibondo ni miongoni mwa wilaya zilizopata vyuo hivyo. Istilahi na karakana zilizaliwa karibu pamoja, lakini hazikukutana kila mahali.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kuchonga kubakie kwa mti uliotulia na kukereza kwa mti uzungukao. Mtendaji aitwe mkerezaji, na kunasa kutumike kwa hatari tuliyoitaja. Mwalimu wa Buha na aanzie kwenye kubaza, ambalo ujuzi wake mwanafunzi amekuja nao kutoka nyumbani, kisha aeleze ni nini kilichogeuka. Neno likimtangulia mwanafunzi kwenye mashine, mkono wake utakuwa salama zaidi.