Land Cruiser za zamani: giaboksi inayobeba historia yake

Katika miji na vijiji vya mashariki mwa Congo, pikapu za Toyota Land Cruiser za miaka ya 1980 na 1990 bado zinabeba watu, mbao, mihogo na magunia ya makaa. Nyingi zimepita mikononi mwa wamiliki wengi. Giaboksi inapoharibika, swali la kwanza la fundi ni lile lile: hii ni boîte gani? Anayekosea jibu hununua kipuri kisichoingia, na pesa iliyokwisha kutoka mfukoni hairudi kirahisi.

Jibu linaanzia mbali. Mwaka 1951 Toyota ilitengeneza gari la BJ, ambalo mwaka 1954 lilipewa jina la Land Cruiser. Lilikuwa na gia nne, lakini halikuwa na transfa yenye gia nzito ya mlima. Mwaka 1960 ulikuja mfululizo wa 40, ukiwa na gia tatu pamoja na transfa yenye gia nzito na nyepesi. Katikati ya miaka ya 1970 gia nne zikarudi, katika giaboksi za H41 na H42. Muongo mmodi baadaye ikaja H55F yenye gia tano.

Mfululizo wa 70 ulianza Novemba 1984. Mwaka 1990 pikapu ya HZJ75 ikapata injini ya dizeli ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2. HZJ79 ikafuata mwaka 1999. Baadhi ya gari za 1HZ za miaka ya baadaye zilifungwa R151F, giaboksi ya familia nyingine kabisa. Vipuri vya ndani vya R haviingii katika H.

Fundi mzuri huanza na kibao cha chuma kilicho chini ya boneti. Mahali palipoandikwa TRANS/AXLE, herufi za kwanza ni za giaboksi, zinazofuata ni za ekseli. Kisha anatazama gia zenyewe: nne au tano?

Kati ya H41 na H42 macho hayatoshi, kwa kuwa zote zina gia nne. Hapo inabidi kuhesabu. Giaboksi ikiwa imeshushwa na transfa imetolewa, inatiwa gia ya kwanza, shafti zote mbili zinawekwa alama, halafu shafti ya upande wa klachi inazungushwa mpaka ile ya kutokea izunguke mara moja. Ikichukua karibu mizunguko mitano, ni H41, maana uwiano wake ni 4.925. Ikichukua mitatu na nusu hivi, ni H42, yenye 3.555. H55F ina 4.843, karibu sawa na H41, lakini gia yake ya tano inaitambulisha.

Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Injini ikizunguka kwa kasi ile ile katika gia ya kwanza, gari lenye H42 linakwenda karibu mara 1.4 ya lile lenye H41. Likipanda na mzigo, klachi inaungua mapema. Likishuka, injini inalizuia kidogo, na kazi yote inaangukia breki, huku abiria wamekaa juu ya magunia.

Tena, kibao kinaeleza gari lilivyotoka kiwandani tu. Pikapu ya miaka thelathini huenda imefungwa giaboksi ya gari lingine lililokufa zamani. Kwa hiyo kibao kikisema H55F na mkono ukapata gia nne, mkono ndio unaosema kweli. Kabla ya kwenda kununua kipuri, ni heri kuchukua kile cha zamani, kukisafisha mafuta, na kukipeleka dukani kulinganisha meno kwa meno.