Kamau wa nani? Vifo viwili vya Voi, 1931

Asubuhi ya tarehe 14 Mei 1931, ndege ndogo aina ya Gipsy Moth iliruka kutoka uwanja wa Voi, ikazunguka juu ya mji, kisha ikaanguka na kushika moto. Ilianguka huku kwetu, chini ya milima ya Sagalla, ile ambayo ramani za wamisionari wa kwanza zinaiita Ndara. Ndani kulikuwa na watu wawili na wote walikufa.

Wa kwanza ni Denys Finch Hatton, kapteni wa zamani wa jeshi la Uingereza, mwindaji, mpenzi wa Karen Blixen. Kama umewahi kuona ile filamu ya 1985, yeye ndiye Robert Redford. Alikuwa amekuja Voi kutafuta makundi ya ndovu kutoka angani, kwa sababu matajiri aliokuwa akiwapeleka safari walitaka ndovu wakubwa na hawakuwa na muda wa kutembea.

Wa pili ni mfanyakazi wake. Mkikuyu. Subiri, tutamfikia.

Juzi nilijipa kazi: niwafuate hawa wawili kwa makaratasi ya ukoo peke yake. Hakuna riwaya, hakuna filamu. Nani alizaliwa na nani, lini, wapi, akafanya kazi gani, akazikwa wapi. Vitu ambavyo mtu yeyote mwenye simu na bando anaweza kutafuta akiwa kwenye kiti cha plastiki nje ya duka.

Denys alinichukua jioni moja. Manze, huyo jamaa huwezi kumpoteza hata ukitaka. Uingereza inasajili kila mtoto anayezaliwa tangu 1837, kwa hivyo kuzaliwa kwake, London, tarehe 24 Aprili 1887, kuna karatasi yake. Kuna vitabu vinene vya koo za mabwana wa Uingereza, kama Burke's Peerage, ambavyo kazi yake ni moja tu: kuandika nani ni mtoto wa nani ili mali na vyeo visipotee njia. Humo unamkuta baba yake, Henry, aliyekuwa Ali wa 13 wa Winchilsea. Cheo hicho kilianza 1628, na aliyepewa kwanza alikuwa mwanamke, mjane aliyeitwa Elizabeth Finch. Unamkuta mama yake, Anne, binti wa admirali. Kaka yake Guy, ambaye alirithi cheo. Dada yake Gladys. Unampata mpaka babu yake, Ali wa 10, ambaye mwaka 1829 alisimama uwanjani na bastola akipambana na Duke wa Wellington, yule aliyemshinda Napoleon na wakati huo alikuwa Waziri Mkuu. Waligombania siasa za haki za Wakatoliki. Hakuna aliyejeruhiwa, lakini imeandikwa, na mjukuu wa huyo mzee ndiye aliyekuja kufia Voi.

Halafu kuna makaratasi ya shule. Eton, halafu Oxford, na kila moja ina daftari la waliopita. Orodha za abiria wa meli. Mwaka 1911 anafika Afrika Mashariki. Vita vinaanza 1914, na hapo ndipo mwanajeshi anakuwa rahisi kuliko raia, kwa sababu jeshi la Uingereza linapenda karatasi kama vile sisi tunavyopenda mahamri. Kila afisa akipewa cheo, jina linachapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali, London Gazette. Akipewa nishani, inachapishwa tena. Ndiyo maana tunajua Denys alikuwa msaidizi wa Jenerali Hoskins kwenye kampeni ya Afrika Mashariki, kwamba alipata Military Cross, kwamba baadaye alifuata jenerali wake Mesopotamia, na kwamba alijifunza urubani Misri vita vikielekea kuisha. Baada ya vita akarudi Kenya kama kapteni mstaafu mwenye bunduki. Mwaka 1928 na 1930 alimtembeza mrithi wa mfalme kwenye safari za uwindaji. Mwisho wa mstari wake kwenye kitabu cha ukoo ni kwamba hakuoa.

Baada ya ajali mwili wake ulisafirishwa kwa reli kutoka Voi hadi Nairobi, akazikwa milima ya Ngong. Ndugu yake akamwekea mnara. Watalii wanaenda kupiga picha hapo mpaka leo. Na ukishuka Tsavo Magharibi kuna kambi ya kifahari yenye jina lake.

Sasa yule wa pili.

Walioandika kuhusu Denys hawakubaliani hata anaitwa nani. Wengine wanamwita Kamau. Wengine wanamwita Hamisi. Baadhi hawajisumbui na jina, wanasema tu "boi" wake wa Kikuyu, na hiyo neno boi mnajua ilitumika kwa mtu mzima mwenye mke na watoto.

Nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu hata hayo majina mawili yanasema kitu. Mkikuyu wa wakati ule hakuwa Kamau tu. Alikuwa Kamau wa fulani, na huyo fulani ni baba yake. Na kwa desturi yao mtoto wa kiume wa kwanza anapewa jina la babu mzaa baba. Kwa hivyo ukipewa jina zima, "Kamau wa Njoroge" kwa mfano, umepewa ramani: una baba, na kama ni kifungua mimba una babu pia. Mwandishi akikata hiyo "wa" na kilichofuata, amekata sehemu yenyewe ambayo ingetufikisha nyumbani kwake. Kina Kamau walikuwa maelfu. Kamau wa fulani, wa kijiji fulani, hao ni wachache sana.

Hamisi nayo haigombani na Kamau. Wakikuyu waliohamia mjini Nairobi na kufanya kazi na Waswahili, baadhi yao walisilimu na kuchukua jina jipya. Mimi naona inawezekana kabisa ni mtu mmoja mwenye majina mawili, la nyumbani na la kazini. Hiyo ni hoja yangu, msiende kuinukuu kama ushahidi.

Najua komenti itakayokuja: "Bro, Denys alikuwa maarufu, ndiyo maana." Hapana. Nenda pale makaburi ya vita ya Voi, yale yenye nyasi zilizokatwa vizuri kuliko uwanja wowote wa mpira kaunti hii. Kuna vijana wamelala pale, Waingereza na Waafrika Kusini, ambao hakuna filamu itawahi kuwataja. Askari wa kawaida. Lakini jiwe lina jina, kikosi, tarehe, na ukiandika hilo jina kwenye tovuti ya tume ya makaburi ya vita unaanza kufuata uzi. Hawakuwa maarufu. Walikuwa tu upande ambao uliandikwa.

Upande wa pili uliandikwa pia, lakini kwa sababu nyingine. Hapa ndipo hii kitu iliniuma. Kufikia 1931 kila mwanaume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa na sheria kubeba kipande. Karatasi ndani ya kikopo cha chuma, unaning'iniza shingoni kama kengele ya mbuzi. Ndani kuna jina, kabila, alama za vidole, mwajiri, mshahara, tarehe uliyoanza kazi na tarehe uliyoachishwa. Kwa hivyo msiniambie serikali ya mkoloni haikuwa na uwezo wa kumwandika Kamau. Ilikuwa na vidole vyake! Ilitaka kujua kama ametoroka kazi. Haikutaka kujua ni baba ya nani.

Linganisha na vizazi na vifo. Usajili ulianza Kenya 1904, na waliolazimika kuandikishwa mwanzo walikuwa Wazungu. Mwafrika hakuwa kwenye hesabu hiyo, na mpango wenyewe ulikuja kuenea nchi nzima 1971. Fikiria hiyo. Mtu anaandikwa akilipa kodi ya kibanda, anaandikwa akiajiriwa, anaandikwa akikamatwa, lakini siku aliyozaliwa na siku aliyokufa si mambo ya ofisi. Ukitafuta babu yako leo ukashindwa, ujue kuna mtu alikaa mezani akaamua ni nini kitaandikwa.

Vita vya kwanza ndivyo vilionyesha hii kwa ukubwa wake. Reli ya Voi kwenda Taveta ilijengwa kwa ajili ya vita hivyo kuanzia 1915. Kwa kila afisa kama Denys kulikuwa na wabebaji kwa makumi, wanaume waliochukuliwa kubeba risasi na unga mpaka wakaanguka. Karioko ya Nairobi na Kariakoo ya Dar zinaitwa hivyo kwa sababu yao, Carrier Corps. Kati ya wote waliokufa, wengi hawana kaburi lenye jina. Tume yenyewe ya makaburi ya vita ilikubali Aprili 2021, kwenye ripoti yake, kwamba watu si chini ya 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri. Wakaomba msamaha.

Ukipita Kenyatta Avenue Nairobi kuna zile sanamu tatu za shaba za 1928, askari na mbebaji. Simama usome siku moja. Hakuna jina hata moja. Na maneno yaliyoandikwa pale yanaacha kazi ya kukumbuka majina kwa watoto wa waliokufa. Yaani waliwachukua baba, hawakuandika, halafu wakawaambia watoto: nyinyi ndio mtakumbuka. Wakaiandika kwa Kiswahili kabisa, tusiseme hatukuambiwa.

Na hao watoto walikuwa wapi? Kasigau, wengine walikuwa wameondolewa. Mwaka 1915 Wajerumani waliuteka mlima wa Kasigau, na Waingereza wakawashuku wenyeji kwamba waliwasaidia. Wakawahamisha jamii nzima mpaka Malindi, na wengi wakafia huko kwa magonjwa na njaa. Ukiwa wa huko na ukoo wako una pengo kati ya babu na baba yake, usidhani ni wazee walisahau.

Kitu ninachopenda kuwakumbusha watu wa hapa ni kwamba Mtaita hakuwa mtu asiyeweka kumbukumbu. Mababu zetu walikuwa na mapango ya mafuvu. Mzee akifa anazikwa, muda ukipita fuvu linatolewa na kuwekwa kwenye pango la ukoo, kwa mpangilio, na mazao yakigoma au ugonjwa ukija watu wanajua wanaenda kuongea na nani. Hiyo ilikuwa Burke's Peerage yetu, bila wino. Halafu wamisionari wakafika, Sagalla 1883, Bura 1892, na mapango yakaanza kuitwa mambo ya shetani. Lakini, na hapa lazima tuwe wakweli, wamisionari hao hao ndio walioleta madaftari ya ubatizo. Kwa Mtaita wa leo anayetafuta ukoo, daftari la kanisa mara nyingi ndiyo karatasi ya kwanza kabisa yenye jina la babu na jina la baba yake kwenye mstari mmoja. Imekaa tu kwenye kabati la parokia ikiliwa na mchwa. Hakuna mtu ameomba kuiona.

Nyanya yangu anaweza kuhesabu ukoo vizazi saba nyuma bila kusimama, akichambua maharagwe. Nilimrekodi kwa simu, dakika kumi na moja. Katikati alitaja ndugu wa babu yake aliyeenda na Wazungu "kubeba" na hakurudi. Hakuna sanamu, hakuna ripoti, lakini jina analo, na sasa liko kwenye simu yangu na kwenye daftari la karatasi, kwa sababu simu zinaibwa. Kama una mzee nyumbani, fanya hivyo kabla ya Desemba, na muulize yule ambaye hakurudi. Kila familia ina mmoja. Muulize jina na "wa" yake.

Na kuhusu yule mwenzake Denys, bado natafuta. Magazeti ya 1931 yapo kwenye Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue, pamoja na mafaili ya wilaya, na nauli ya basi nimeshaweka. Ila nadhani jibu haliko kwenye faili. Kuna boma mahali, Kiambu au Murang'a au Nyeri, au hata Pumwani, ambako watu walikuwa wanasimulia kuhusu mzee aliyefanya kazi na Mzungu mwenye ndege, akaenda naye pwani, hakurudi. Huenda mnadhani ni hadithi tu ya shosho. Kama ni ya kwenu, niandikie. Ndege ilianguka Voi, tarehe 14 Mei 1931, na mimi niko Voi.