Seva ya muziki nyumbani: mnunuzi wa Rubavu achague vifaa gani

RUBAVU, Rwanda - Mfanyabiashara anayelala Gisenyi na kushinda Goma, au dereva anayefika nyumbani siku mbili kwa wiki, kwa kawaida muziki wake umetawanyika. Nyingine ziko kwenye flashi ya gari, nyingine kwenye simu, CD ziko kabatini, na kanda za zamani hazina redio ya kuzichezea. Seva ya muziki ni kompyuta moja inayokusanya nyimbo zote hizo na kuzipeleka kwa njia ya waifai kwenye simu, televisheni au spika za sebuleni.

Ndani ya nyumba kazi hiyo haihitaji bando. Simu inachukua wimbo kutoka chumba cha pili. Kwa mkazi wa mpakani hilo si jambo dogo, kwa kuwa karibu na Petite Barrière simu inaweza kudaka mnara wa upande wa Kongo na salio likakatwa kwa bei ya ugenini.

Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza kasi ya prosesa, na hapo ndipo fedha hupotea. Kucheza muziki ni kazi nyepesi. Saa moja ya MP3 ya kiwango cha juu, yaani kilobiti 320 kwa sekunde, ni takriban megabaiti 144. Saa hiyohiyo katika FLAC, mfumo unaobana faili bila kupoteza sauti, mara nyingi ni kati ya megabaiti 250 na 400. Kompyuta ya mtumba iliyotengenezwa zaidi ya miaka kumi iliyopita, yenye RAM ya gigabaiti 4, inamudu familia nzima. Programu zenyewe, kama Navidrome, Jellyfin na Lyrion, ni za bure.

Kinachostahili fedha ni umeme na diski.

Hesabu ya umeme ni rahisi. Kompyuta kubwa ya mezani inayokula wati 60 mchana na usiku hutumia uniti 526 kwa mwaka. Kompyuta ndogo za ofisini, zile za ukubwa wa kitabu kama Dell OptiPlex Micro au Lenovo ThinkCentre Tiny, zikiwa zimetulia hula wati 10 hadi 15. Kwa wati 12 ni uniti 105 tu. Mnunuzi azidishe tofauti hiyo ya uniti 421 kwa bei anayolipa kwenye Cash Power yake. Kompyuta kubwa iliyouzwa kwa bei ya kutupa inaweza kuwa ndiyo ghali kuliko zote baada ya miaka miwili.

Raspberry Pi ndiyo inayokula kidogo zaidi, wati 3 hadi 5 ikiwa imetulia. Kasoro yake iko kwenye chaja. Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3, Pi 5 inataka ampea 5, na wengi huifunga kwenye chaja yoyote ya simu. Diski ya USB inapoanza kuzunguka, umeme unapungua, mashine inazima, na mwenye mali anasema ameuziwa kifaa kibovu. Anayeuza Pi bila chaja yake ajiandae kurudishiwa.

Chaguo linalodharauliwa ni laptopu ya zamani ambayo betri yake bado inashika. Hata ikiwa kioo kimepasuka, inafaa, kwa sababu umeme ukikatika kwa dakika tano haizimi ghafla. Hiyo ni UPS ya bure. Betri ikaguliwe kila baada ya miezi michache. Ikivimba itolewe mara moja. Kwa mashine nyingine, UPS ndogo inunuliwe pamoja na kompyuta, isiachwe hadi mwezi ujao, maana kukatika kwa umeme wakati diski inaandika ni njia ya haraka ya kuharibu faili.

Mitumba iliyotoka Marekani iangaliwe nyuma kabla ya kuchomekwa. Baadhi ya kompyuta kubwa za zamani zina swichi ya volti 115 na 230. Ikiachwa kwenye 115, pawasaplai inaungua siku hiyohiyo. Bidhaa za Dubai, Kenya na Uganda huja na plagi ya pini tatu bapa. Kununua waya mwingine wenye plagi ya pini za duara ni salama kuliko kuning'iniza adapta za bei rahisi.

Kuhusu diski, hesabu ya kwanza ni ukubwa. Albamu 1,000 za saa moja moja katika FLAC, kwa wastani wa megabaiti 350, ni gigabaiti 350. Terabaiti 1 inamtosha karibu kila mtu. Kwa hiyo anayetaka kununua diski moja ya terabaiti 4 anunue mbili za terabaiti 1: moja ifanye kazi, nyingine iwe nakala.

Nakala hiyo isikae ndani ya kompyuta ileile. Mwizi huchukua boksi zima. Rubavu nayo ina sababu zake: baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, matetemeko yalipasua nyumba mjini, na Mei 2023 mto Sebeya ulifurika na kuingia majumbani. Diski ya pili ikae kwa ndugu, mtaa mwingine, iletwe mara moja kwa mwezi kuongezewa nyimbo mpya. Ile inayofanya kazi iwekwe chini, mahali imara, isiwe juu ya kabati. SSD haina kinachozunguka ndani, hivyo mtikisiko hauisumbui sana.

Tatizo kubwa la soko ni diski na flashi za uongo. Kifaa kimeandikwa terabaiti 2, kompyuta nayo inasoma terabaiti 2, kumbe ndani kuna chipu ya gigabaiti 64 iliyofundishwa kudanganya. Nyimbo za kwanza zinacheza vizuri. Nafasi ya kweli ikijaa, zinazofuata zinapotea au zinafuta za mwanzo, na majina ya faili yanabaki kana kwamba hakuna kilichotokea. Mtu anaweza kugundua baada ya mwaka, CD zake akiwa ameshazigawa. Programu za bure za H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux hujaza kifaa chote kisha hukisoma upya. Upimaji unaweza kuchukua saa nyingi, lakini muuzaji wa jumla apime angalau kimoja katika kila katoni kabla ya kulipa kilichobaki.

Kwa wasafirishaji, diski zinazozunguka zifungwe kwenye mifuko yake ya kuzuia umeme tuli, katikati ya sponji, zisiwekwe chini ya magunia. Mzigo uliopita kwenye baridi ya Musanze upumzike kabla ya kuwashwa, ili unyevu ukauke.

Kwenye forodha, kompyuta na diski zinazozunguka ziko katika fungu 8471, ambalo ushuru wake wa pamoja wa Afrika Mashariki ni asilimia 0. Spika na amplifaya ziko fungu 8518, na hazipati nafuu hiyo. Ankara inayosema tu "vifaa vya muziki" inaweza kuupeleka mzigo wote kwenye fungu la ghali, kwa hiyo kila aina iandikwe mstari wake na namba zake za utambulisho. VAT na tozo nyingine zina hesabu yake, ziulizwe RRA kabla ya kuagiza. Anayevusha kwenda Goma aulize taratibu za upande wa pili wiki hiyohiyo ya safari, kwani zilibadilika baada ya M23 kuuteka mji huo Januari 2025.