SEHEMU YA 3: "Mwanangu hatulii", swali la zamani kuliko sisi

Mama zangu na wadogo zangu wa Soga. Mmoja wenu kaniuliza: mtoto wa miezi 7, kutwa kujinyonganyonga, ndo ule ugonjwa wa kutotulia? Ngoja turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1902, daktari wa watoto George Still, kule London, aliwasimulia wenzake kuhusu watoto walioshindwa kujizuia na kutulia, wakati wengine akili wanazo na kwao wamelelewa vizuri tu. Hapo ndipo swali lilianza kutoka kwenye "mama kashindwa kulea" kwenda kwenye ubongo. Jina linalotumika leo hospitalini lilikuja 1987.

Huku kwetu je? Watafiti wa Kilifi na Uganda walifuatilia watoto waliopona malaria iliyopanda kichwani. Baadhi walibaki na shida ya umakini na utukutu uliopitiliza. Kwa hiyo chandarua kinalinda hadi akili ya mtoto.

Sasa jibu: kichanga hapimwi ugonjwa huu. Kwa kawaida ni kuanzia miaka 4. Kurusha mateke ni afya, msimpe jina.

Ila njoo kliniki na kadi yake kama hashtuki kwa sauti, hakutazami usoni, miezi 9 hajakaa, au ameacha alichokuwa anakiweza. Akipata degedege, usianzie kwa mganga. Hospitali, muda uleule.

Na yule mkubwa "mtukutu" wa nyumbani? Fimbo haijawahi kumtibu. Sehemu ya 4 tutamzungumzia.