Faragha: Kutulia Mbele za Mungu

Faragha ni hali ya mtu kujitenga kwa hiari, kwa muda, ili atulie. Si upweke, ambao huweza kumpata mtu hata akiwa katikati ya watu. Injili ya Marko (6:30-32) inasimulia kwamba Mitume waliporudi kutoka utume wao, waliozingirwa na watu hata wakakosa nafasi ya kula, Yesu aliwaita kando wapumzike. Hawakuwa wavivu, kazi njema ilikuwa imewachosha. Muumini anayeona haya kupumzika, kwa sababu jumuiya, kwaya na familia vinamngoja, na akumbuke hilo. Aanze kwa dakika 10 kila siku, simu ikiwa imezimwa. Mawazo yakimsumbua, asikasirike. Arudi taratibu katika utulivu, hata ataanza kuonja raha yake.