Baraza la Mji, Kilabu cha Pombe na Sauti ya Watu: Habari za Durban, 1908 hadi 1960



Kitabu hiki cha mwaka hutoa kwanza hesabu ya fedha zilizoingia na zilizotoka, kisha habari za misiba tuliyosaidiana na watoto tuliowalipia karo. Baada ya hayo ni desturi yetu kuongeza habari moja ya kale, ili tusiwe watu wa kuhesabu senti tu bila kupima mambo. Mwaka huu tumechagua habari ya vilabu vya pombe vya mji wa Durban, katika Afrika ya Kusini, na sababu yake mnaijua. Katika mikutano yetu limezuka swali: je, yafaa chama cha kusaidiana kujitia katika ugomvi wa watu na baraza lao juu ya biashara ambayo majirani hawaitaki? Wengine walisema kazi yetu ni mazishi na karo, wala si leseni. Wengine walijibu kwamba mazishi mengine, na karo zisizolipwa, hutoka mle mle kilabuni. Hatukupenda kuamua neno hili kwa hasira. Tumeona ni afadhali kutazama kwanza waliotangulia kupita njia hiyo.

Mwanzo wa mambo ni mwaka 1908, wakati Natal ilipokuwa bado koloni la Waingereza. Mwaka huo ilitungwa sheria juu ya pombe ya Waafrika. Sheria iliyapa mabaraza ya miji ruhusa ya kuchagua: kukataza pombe hiyo kabisa, kuwapa watu leseni, au baraza lenyewe kuipika na kuiuza peke yake, pasipo mtu mwingine awaye yote. Baraza la Durban lilichagua njia hiyo ya tatu, na mwaka 1909 vilabu vyake vya kwanza vikafunguliwa.

Yafaa tueleze pombe yenyewe ilikuwa nini. Wazulu huiita utshwala, nayo hupikwa kwa mtama au mahindi, kama busaa ijulikanavyo kwetu. Katika nyumba zao ilikuwa kinywaji cha mgeni, cha harusi na cha matambiko, na mikono iliyoipika ilikuwa ya wanawake. Mjini wanawake hao waliipika kwa riziki pia. Mjane au mke aliyemfuata mumewe hakuwa na kazi nyingi za kuchagua, na mtungi wa pombe ndio uliokuwa shamba lake. Sheria ilipopita, shamba hilo likatwaliwa. Pombe ile ile iliyokuwa halali kwenye meza ya baraza ikawa haramu katika chungu cha mama, na askari wakaingia vyumbani usiku kuimwaga.

Tusilionee baraza lile kwa kusema kwamba fedha zilitiwa mifukoni. Faida iliwekwa katika mfuko wa mambo ya Waafrika, na kwa fedha hizo yalijengwa mabweni ya wafanyakazi na majengo mengine ya watu weusi. Wakuu wa mji walijisifu kwamba wamepata njia ya kuendesha mambo ya Waafrika bila kuwatoza Wazungu kodi zaidi. Lakini mfuko ule ule ndio uliolipa mishahara ya askari na makarani waliowasimamia Waafrika. Maana yake ni kwamba mtu wa bandarini, akinywa kibuyu chake baada ya kazi, alikuwa akimlipa askari ambaye kesho atavunja mtungi wa mkewe. Neno hilo watu walilielewa mapema, ijapokuwa halikuandikwa katika hesabu yo yote.

Njia hiyo ilijulikana kote kwa jina la mpango wa Durban. Mwaka 1923 sheria ya Muungano wa Afrika ya Kusini juu ya Waafrika wa mijini iliueneza katika miji mingine, na makoloni mengine yaliuiga. Hata Nairobi yetu haikubaki nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, Pumwani ilipokuwa ikijengwa kuwa mtaa wa Waafrika, baraza la mji lilijitwalia kazi ya kuwauzia Waafrika pombe, na faida ikatengwa kwa matumizi ya mitaa yao. Kina mama wa Pumwani waliopika pombe nyumbani walitozwa faini na kufungwa, kama dada zao wa Natal. Kwa hiyo tunaposema habari za Durban, hatusemi habari za watu wa mbali.

Upinzani ulikuwapo tangu mwanzo, lakini ulipamba moto mwaka 1929. Katika mtaa wa Sydenham, pembeni mwa Durban, wakuu wa mahali walikusudia kujenga kilabu kipya cha pombe, na wakazi wakakataa. Neno likawafikia makuli wa bandari, nao wakaapa kutotia mguu katika vilabu vya baraza. Aliyewaongoza alikuwa A. W. G. Champion, mkuu wa chama cha wafanyakazi kilichojulikana kwa herufi ICU katika Natal. Chama mama cha ICU kilianzishwa Cape Town mwaka 1919 na Clements Kadalie, mtu wa Nyasaland, nchi iitwayo Malawi siku hizi. Champion alijitenga na Kadalie mwaka 1928, akaongoza tawi lake peke yake.

Hapa wazee wetu watazame sana, maana waliokataa vilabu hawakuwa na nia moja. Wanawake walitaka warudishiwe kazi yao ya kupika. Wanaume wengi walitaka wanywe pombe ya nyumbani, pamoja na jamaa zao, pasipo kufungiwa uani kama ng'ombe. Wakristo wengi wa makanisa walitaka pombe isiwepo kabisa, iwe ya baraza au ya nyumbani. Vinywa vyote vilisema, "Funga kilabu," lakini kila kinywa kilikuwa na kesho yake. Baraza lenye hekima lingaliweza kuwaita mmoja mmoja na kuwauliza. Baraza la Durban halikuuliza. Lilijibu kwamba vilabu ni kwa faida ya Waafrika wenyewe, na anayevipinga ni mchochezi.

Mwezi wa Juni mwaka ule wasusaji walisimama penye milango ya vilabu kuwazuia wanywaji, na mapigano yakaanza. Tarehe 17 Juni umati wa Wazungu wapatao 2,000 ulilizingira jumba la ICU katika Prince Edward Street. Maelfu ya Waafrika wakaja mbio kutoka mabwenini kuwaokoa wenzao waliofungiwa ndani. Usiku ule ulipokwisha, watu 8 walikuwa wamepoteza maisha, Waafrika 6 na Wazungu 2, na wengi sana walikuwa wamejeruhiwa. Roho nane zilipotea kwa neno ambalo lingaliweza kuzungumzwa barazani asubuhi moja.

Wala moto haukuzimika mjini tu. Mwaka huo huo, katika miji midogo ya Natal kama vile Weenen, Ladysmith, Dundee na Glencoe, wanawake walishika fimbo, wakaviingia vilabu na kuwatoa wanaume nje. Wengi wao walipelekwa gerezani. Huko Durban kususa kuliendelea kwa miezi mingi, na vilabu vikakaa vitupu.

Sasa tutazame jinsi wakuu walivyolishughulikia jambo hilo, maana hapo ndipo penye mafunzo. Kwanza iliwekwa tume chini ya Jaji De Waal kuchunguza fujo, nayo haikuona kosa katika mpango wenyewe wa baraza kuuza pombe. Pili, mwezi wa Novemba 1929, Waziri wa Sheria Oswald Pirow alifika Durban pamoja na askari wengi, wakayazunguka mabweni kusaka wasiolipa kodi, na moshi wa kutoa machozi ukatumika. Tatu, mwaka 1930 Champion alifukuzwa Natal kwa miaka mitatu. Nne, Baraza la Mji liliunda Bodi ya Ushauri ya Waafrika, ili watu wapate mahali pa kusemea.

Hilo la nne ndilo tendo jema kuliko yote, nasi twalikiri. Lakini bodi ile iliruhusiwa kushauri tu, haikuruhusiwa kuamua. Ilipoleta neno juu ya pombe, waliolisikiliza ndio waliokuwa wakiiuza. Wahenga walikwisha kusema juu ya kesi ya ngedere kupelekewa nyani. Baraza lilikuwa mfanyabiashara, tena mtoa leseni, tena mwenye askari, tena hakimu wa malalamiko. Hata kama kila diwani angalikuwa mtu mwadilifu, kiti chenyewe kilikuwa kimepinda.

Kilichopinda hakikunyooshwa, na miaka 30 baadaye, mwezi ule ule wa Juni, mambo yalirudi. Mwaka 1959 katika mtaa wa Cato Manor, ambao wakazi wake waliuita Mkhumbane, maelfu ya Waafrika walikuwa wakiishi katika vibanda. Baraza lilikuwa limeanza kuwahamishia KwaMashu, mbali na kazi zao. Ugonjwa wa homa ya matumbo ulipotokea, wakuu walitoa amri ya kusafisha mtaa, na wafanyakazi wa mji wakaingia nyumba kwa nyumba wakiharibu mapipa ya pombe ya kina mama. Kilabu cha baraza, hata hivyo, kiliendelea na biashara yake papo hapo. Wanawake walikiingia, wakamwaga pombe na kuwafukuza wanywaji. Kesho yake wapatao 2,000 walikusanyika ili mkuu wa mambo ya Waafrika wa mji asikie shida zao. Walieleza kwamba waume hunywa mishahara kilabuni na watoto hulala njaa, nao wenyewe wakipika wapate chakula, hukamatwa. Mkutano ulikwisha kwa virungu vya askari. Kususa kukaenea tena katika Natal.

Mwezi wa Januari 1960 askari waliingia Cato Manor tena kusaka pombe. Umati ukawageukia, na askari 9 wakauawa, Wazungu 4 na Waafrika 5. Twaandika habari hii kwa huzuni, wala hatuisifu. Waafrika wale watano walikuwa na wake na watoto kama wale waliowaua. Lakini yafaa isemwe wazi kwamba jeraha likifunikwa miaka 50 bila kuoshwa, siku litakapopasuka halitachagua wa kumwangukia. Na mwaka 1976, vijana wa Soweto walipoinuka, vilabu vya pombe vya serikali vilikuwa miongoni mwa majengo ya kwanza kutiwa moto.

Ndugu wanachama, twarudi nyumbani. Kwetu Kenya Katiba ya mwaka 2010 iliyakabidhi mamlaka ya leseni za vileo kwa serikali za kaunti. Sheria ya vileo ya mwaka huo huo ilisema mahali pa kuuza ulevi pasiwe karibu na shule ya watoto kuliko mita 300. Mwishoni mwa mwaka 2022, baada ya malalamiko mengi ya makelele ya usiku, Kaunti ya Nairobi ilitangaza kwamba vilabu vya usiku vilivyo katika mitaa ya makazi havitapewa leseni tena. Majirani walishangilia, na wenye vilabu na watumishi wao wakalia kwamba wananyang'anywa riziki. Pande zote mbili zilikuwa na watoto wa kulisha. Kwa hiyo twaona kwamba swali la Durban halikuzikwa Durban.

Tofauti moja kubwa ipo, nayo tuishukuru. Mkazi wa Cato Manor hakuwa na kura ya kumwondoa diwani. Sisi tunayo, na tena sheria yatupa nafasi ya kupinga leseni kabla haijatolewa. Mwenye nafasi hiyo akinyamaza hadi kilabu kimejengwa, kisha akaokota jiwe, amejidhulumu mwenyewe.

Basi ushauri wetu kwa mkutano mkuu ni huu. Kwanza, chama kisiogope kusema, maana mwenye kuzika watu ana haki ya kuuliza kinachowaua. Pili, kabla ya kwenda mbele ya wakuu, tusikilizane wenyewe kwa wenyewe. Yuko mwenzetu asiyetaka pombe kwa sababu ya dini, yuko anayetaka usingizi tu, na yuko mjane anayeishi kwa kuuza chakula mlangoni pa baa. Tukienda na sauti moja yenye nia tatu zilizofichwa, tutashindwa hata tukishinda. Tatu, tuombe mambo yanayoweza kujibiwa: saa za kufunga, umbali wa shule, na hesabu ya ada za leseni, zinaingia wapi na zinatoka kufanya nini. Nne, tusipokee kwa haraka msaada wo wote kutoka kwa biashara tunayoilalamikia, hata ukiletwa kwa jina la maendeleo. Mabweni ya Durban yalikuwa imara, lakini waliolala ndani yake walijua yalijengwa kwa kitu gani.

Penye wazee haliharibiki neno. Twaliweka neno hili mbele yenu, wazee wetu, mlipime katika mkutano mkuu.